Kaburi la Mwami wa Katuba

Baba yangu hakula mbele ya watu. Mchana Mama alisonga bukari, ugali wetu, akaipanga mezani pamoja na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, na maji ya kunawa, kisha sote tukatoka chumbani. Baba alivuta pazia, shuka la zamani la kijani lililoning'inia kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta, akala peke yake. Akishamaliza alikohoa mara moja, na Mama akaingia kuondoa vyombo. Nikiwa na miaka saba hivi nilikwenda kucheza nyumba ya tatu kutoka kwetu, nikamkuta baba wa rafiki yangu ameketi nje anatafuna samaki na kutema miiba, watu wanapita wanamwona. Nilirudi mbio kumwambia Mama kwamba yule mzee ameingiwa na wazimu.

"Huyu haiko na wazimu," Mama alisema, akiendelea kuchambua mboga. "Huyu haiko mwami, njo maana."

Hivyo ndivyo nilivyopata kujua kwamba baba yangu, fundi wa kuchomelea vyuma wa mtaa wa Katuba, alikuwa mfalme.

Nisiseme uongo: alidai kiti ambacho mtu mwingine alikuwa amekikalia. Babu yake alikuwa chefu wa nchi ndogo upande wa Pweto, si kando ya ziwa lenyewe bali ndani zaidi, mwendo wa siku moja kwa miguu. Wakati wa Wabeleji walimjia wakitaka vijana wa kupeleka migodini. Mara ya kwanza akatoa. Mara ya pili akatoa wachache. Mara ya tatu akasema vijana wamekwisha, na waliobaki wana kazi ya kuzika wazee. Wakamvua kofia ya uchefu, wakampeleka mbali kufia ugenini, na kiti wakampa binamu yake wa nyumba ndogo. Mwana wa yule aliyevuliwa akakimbilia mjini akapata kazi ya kutandika reli. Baba alizaliwa katika kambi ya reli hapa Lubumbashi, na maishani mwake aliiona nchi yake mara moja tu, akiwa kijana, kwa siku nne. Siku nne hizo zilimtosha maisha mazima.

Alifanya kazi karakana ya reli mpaka mishahara ilipoanza kukatika, kisha akahamishia mashine yake ya kuchomelea nyumbani. Alitengeneza milango, vitanda, madirisha ya vyuma. Mikono yake ilikuwa na alama ndogo ndogo za cheche, na shati lake la kazi lilitobokatoboka kama chujio. Mtaani walimwita Mwami. Wengine walimwita hivyo kwa heshima. Watu wawili wakigombana juu ya ukuta au mchumba, walikuja kwake, naye alizima mashine, akavua miwani myeusi, akawasikiliza. Wengine walimwita kwa kumcheka. "Mwami, mulango yangu iko wapi?" walipaza sauti kutoka barabarani. Yeye aliwajibu wote kwa sauti moja.

Jumapili baada ya misa aliandika barua. Aliwaandikia wakubwa wote waliopita, wa serikali na wa kule kwao, mmoja baada ya mwingine, kwa Kifaransa alichofundishwa na mapadri, akieleza nani alimzaa nani na nani alivuliwa kofia bila kosa. Nilipofika sekondari akaanza kunipa nisahihishe. Nilisahihisha kwa hasira. Nilikuwa binti wa fundi mwenye shati lenye matundu, na darasani walikuwa wakiniuliza kama nyumbani kwetu tuna simba.

Siku ya harusi yangu aliketi meza ya mbele na sahani tupu. Wakwe zangu walikuwa wamepika siku mbili. Niliinama sikioni mwake, shela ikimgusa shavuni.

"Papa, leo tu. Kula hata kidogo."

"Mutoto yangu," alinijibu, "ile kintu unafanya siku bantu banakuangalia, njo ile uko."

Hakula. Wajomba wa mume wangu walisema fundi huyu anadharau chakula chetu, na maneno hayo niliyabeba miaka mingi katika nyumba ya watu. Nilimkasirikia. Niliapa kwamba watoto wangu hawatasikia habari za kiti hicho kutoka kinywani mwangu. Nikawa mwalimu wa shule ya msingi, hapo hapo Katuba, nikafundisha watoto wa watu kusoma na kuhesabu, na mwami nikamwachia pazia lake.

Mama alitangulia kufa. Miaka michache baadaye miguu ya Baba ikaanza kuvimba, na daktari akasema figo zimechoka. Tukamlaza hospitali. Chumba kilikuwa na vitanda vinane, na wagonjwa wote walikula wakitazamana. Siku ya kwanza Baba alikataa uji. Siku ya pili akakataa tena. Muuguzi akanijia kwenye varanda, mikono kiunoni.

"Mama, papa anakataa kukula. Sasa dawa itafanya kazi namna gani?"

Nilikuwa nimevaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine. Nikafungua cha juu, nikafunga ncha moja kwenye chuma cha kitanda na nyingine kwenye mti wa chupa ya maji ya dawa. Ikawa pembe ndogo isiyoonekana na wengine. Nikamwekea kibakuli mapajani, nikageuka kutoka. Nikasikia kijiko kikigonga sakafu. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, asingeweza kujilisha.

Tukatazamana. Kisha nikaokota kijiko, nikakiosha, nikaketi kitandani ndani ya pembe ile, nikamlisha. Mimi mwenye watoto wanne, mwalimu mwenye mvi, niliona kwa mara ya kwanza kinywa cha baba yangu kikitafuna. Alifumba macho wakati wote. Nilimpangusa kidevu.

"Usiambie ba ndugu yako," alisema.

Nililia nikiwa bombani, nikiosha bakuli. Nadhani hasira yangu ya miaka mingi iliishia pale, ingawa sikujua siku hiyo.

Baada ya wiki mbili aliniita karibu zaidi. Alisema anataka niende kule kwao kwa chefu aliyeko sasa, nimwombee nafasi ya kuzikwa.

Nilijua nafasi gani. Alikuwa ametueleza tangu utotoni, ni jambo pekee aliloliona katika siku zake nne ambalo hakuacha kulisimulia. Machefu wa kwetu huzikwa chini ya maji. Kiangazi watu hugeuza kijito kwa muda, wakachimba kaburi katika mchanga wa chini, wakamlaza mtu wao, kisha wakakirudisha kijito kipite juu yake. Hakuna jiwe wala msalaba. Maji ndiyo mlango.

"Batakatala, Papa," nilimwambia. Nilimaanisha watakataa, nikiwa na wasiwasi ulimi wangu hurudi utotoni.

"Najua. We uombe tu. Muntu akikatala, akatale mbele ya macho yako. Barua banazikatala bila kuzifungua."

Basi nikaomba ruhusa shuleni, nikamwachia mdogo wangu wa kiume zamu ya hospitali pamoja na kitenge, na muuguzi kazi ya kumlisha Baba nyuma yake, bila kumweleza mdogo wangu zaidi ya kwamba Baba hapendi kutazamwa. Nikapanda lori la wanawake wanaokwenda Pweto kununua samaki wakavu. Lori lilikwama mara mbili. Siku ya tatu tulifika, mgongo wangu ukiwa kama wa mtu aliyepigwa. Kutoka Pweto nilichukua pikipiki kwa njia ya mchanga na mawe. Njiani kote nilitunga maneno. Nilijiandaa kukutana na mnyang'anyi.

Niliyemkuta ni mwanamume wa miaka arobaini hivi, ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba yenye bati, anakula. Anakula mbele ya kila mtu, wazee wawili na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, huku simu yake iko mezani kando ya samaki. Alinyoosha mkono uliokuwa na bukari.

"Karibu, mama. Ukuye tukule."

Nilisimama pale na mfuko wangu. Nikafikiri: baba yangu hakuonja keki ya harusi ya binti yake, na huyu ndiye mwenye kiti.

"Unaniangalia kama vile niko mwizi," alisema, akicheka.

"Mi niko mutoto ya ule muntu wa Lubumbashi," nilisema. "Ule wa barua."

Alicheka kidogo zaidi, kisha akaacha. Akanawa mikono. Akawaomba wazee wasogee, akaniletea kiti mwenyewe, na kuanzia hapo akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu kwa hesabu ya miaka ndivyo nilivyokuwa kwake. Hilo lilinipokonya nusu ya maneno niliyoyatunga.

Niliuliza kuhusu kula. Sikuweza kujizuia. Akaniambia kwamba kabla ya kurithi kiti alikuwa muuguzi katika kituo cha afya, na huko alijifunza kula ameketi, amesimama, hata akitembea. "Ba zamani balikataza, kweli. Papa yangu alikuwa anajificha. Lakini mi, kama ninajificha, bantu banafikiri niko na nyama na bao hapana." Alinitazama. "Papa yako angali anajificha?"

"Mpaka leo. Ndani ya hospitali."

Aliizungusha simu mezani kwa kidole. Nikaona kwamba jambo hilo limemgusa kwa namna ambayo hakuitaka.

Nikamweleza nilichotumwa. Hakukasirika. Alimwita bibi mmoja mwembamba, mtunzaji wa mahali pale, akamwambia anipeleke nikaone. Tulitembea katikati ya majani marefu mpaka kwenye kijito kisicho na upana wa barabara ya Katuba. Maji yalikuwa safi, yanafika gotini. Bibi aliniambia nivue viatu na nisiingie. Akanyoosha kijiti akinionyesha: huyu yuko pale penye kivuli, huyu pale maji yanapojikunja, huyu kando ya jiwe. Alipomaliza, nikamwuliza babu wa Baba angelazwa wapi kama asingechukuliwa.

Alinyoosha kijiti bila kufikiri. "Pale. Hatukuweka muntu mwingine."

Palikuwa na mchanga mweupe tu na samaki wadogo wanaokwenda na kurudi. Nilitazama mpaka macho yakauma.

Niliporudi, chefu alikuwa ameandika karatasi. Alikuwa na mwandiko wa muuguzi, lakini Kifaransa chake kilikuwa kizuri. Ilisema kwamba baba yangu anatambua kiti ni cha nyumba ile, na kwamba yeye na wazao wake hawatakidai tena. Akisaini, kijito kitageuzwa kwa ajili yake.

"Yaya, unielewe," alisema. "Kama ninamuzika mule bila hii karatasi, ninasema nkambo, babu yangu, alikuwa mwizi, na papa yangu, na miye. Nkambo yangu hakuiba. Balimupatia. Mi nilizaliwa ndani ya hii kiti sawa vile papa yako alizaliwa inje yake. Hakuna mwenye alichagula."

Alinitolea kalamu.

"Unaweza kusinye kwa jina yake. We njo mukubwa. Hapa hakuna mwenye atauliza."

Nakumbuka kalamu hiyo, ya buluu, kifuniko kimetafunwa. Ingekuwa jambo la dakika moja. Baba angelazwa mahali alipopataka, asijue kamwe. Niliwaza hivyo kweli, sijifanyi mtakatifu. Kisha nikamwona akiwa amefumba macho nyuma ya kitenge, nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni.

"Nitamupelekea," nilisema. "Iko na mukono yake mwenyewe."

Chefu alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Alinipa samaki wakavu wa kumpelekea mgonjwa.

Niliporudi hospitali, Baba aliomba miwani yake. Alisoma karatasi mara mbili, akifuata mistari kwa kidole chenye alama za cheche.

"Anaandika muzuri," alisema. "Français yake inapita yangu." Kisha akauliza kuhusu kijito. Nikamweleza yote, kivuli, jiwe, mchanga mweupe, maneno ya bibi. Akanirudisha nyuma mara tatu kwenye maneno ya bibi. Hatukuweka muntu mwingine.

"Ni signature tu, Papa," nilisema. Nilitaka asaini. Nasema hivyo waziwazi. Nilikuwa nimechoka, na niliyaona yale maji. "Mungu anajua ukweli. Ni karatasi."

"Kama ninasinye, batazika muntu mwingine. Bataweka pale fulani mwenye alisema babu yake hakukuwa mwami. Ule muntu mi simujui."

"Sasa tutakuzika wapi?"

"Kasungami."

Alikuwa na shamba huko, pembezoni mwa mji, kipande cha ardhi alichokilima kila Jumamosi tangu aache reli, mahindi na mihogo, na karanga pembeni. Hakuwahi kuliita kitu kingine ila shamba. Niliuliza kama anataka tuchimbe mfereji, tupitishe maji. Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la kitoto.

"Hapana. Mayi ni ya kule. Huku, udongo."

Alikufa baada ya siku tisa, asubuhi, saa ya kubadilisha mashuka, nikiwa nimemshika mkono.

Wanaume wa ukoo waliketi uani kwetu Katuba, chini ya turubai, na wanawake ndani. Mdogo wa Baba, ambaye sisi tunamwita baba mdogo, alitaka jeneza lipelekwe Pweto, lishushwe mbele ya nyumba ya chefu, wakubali wasikubali. Ndugu yangu alitaka makaburi ya mji, kama watu wote, yaishe. Walibishana tangu asubuhi mpaka wali wa msiba ukapoa. Nikatoka ndani, nikasimama katikati yao.

"Alisema Kasungami."

"Alikuambia weye peke yako," baba mdogo alisema. "Mwanamuke hapana kuamua kaburi ya mwami."

Hapo nikafichua siri niliyoachiwa hospitali. "Papa mudogo, nani mwenye aliona namna anakula?"

Hata yeye, aliyezaliwa naye tumbo moja, hakuwahi.

"Miye," nilisema. "Mi njo nilimukulisha, na kijiko, siku zote za mwisho. Alisema Kasungami."

Baba mdogo alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa, akairudisha kichwani. Hakusema ndiyo. Aliagiza tu majembe.

Kibali cha kumzika mtu shambani kilinichukua siku mbili na ofisi tatu. Padri alikuja na gari la mtu wa parokia. Rafiki wa Baba wa karakana ya reli, mzee mwenye jicho moja bovu kwa sababu ya cheche, alichomelea msalaba wa chuma. Aliniuliza aandike nini. Nikampa jina la Baba na, chini yake, jina la kijito. Cheo nilikataa. Baba mdogo alifoka mbele ya padri kwamba nimeivua nyumba yao kofia mara ya pili, kama Wabeleji. Ilinichoma. Lakini sikubadilisha. Baba hakuwa amekubali kusaini uongo ili apate maji. Nami sikutaka kuandika juu yake neno ambalo mpita njia angelicheka.

Nilifikiri hapo ndipo kazi yangu imeishia. Nikaendelea kulima shamba lile Jumamosi, kwa sababu ndugu zangu hawakulitaka na mimi sikuweza kuliacha liwe pori.

Lakini mji ulikuwa unakuja Kasungami. Kila mwezi mashamba yalizidi kuwa viwanja, matofali yakarundikwa, watu wakachimba visima. Jumamosi moja nilifika na jembe begani nikakuta mtaro wa msingi wa nyumba, umechimbwa mpya, unapita miguuni kabisa mwa kaburi. Udongo mwekundu ulikuwa umemwagwa juu ya msalaba mpaka kwenye jina. Jiwe la mpaka, ambalo Baba alilitia saruji mwenyewe, halikuwa mahali pake. Lilikuwa upande wa pili wa kaburi, limesimama kama lilizaliwa huko.

Nikauondoa udongo kwa mikono. Kisha nikashuka mtaroni, nikaketi.

Mwenye kiwanja cha jirani alifika saa nne na mafundi wake. Alikuwa mtu mnene, mwenye adabu ya haraka. "Mama, utoke mu fondasio."

"Sitoki. Hapa kuko miguu ya papa yangu."

"Niko na karatasi ya parseli, ya hii kiwanja."

"Iko muzuri. Tutaenda nayo kwa wenye kupima."

"Na leo mafundi bafanye nini?"

"Bapumzike. Ni Jumamosi."

Mafundi wakaanza kucheka, na mmoja wao akaweka sepetu chini, akasema yeye hachimbi karibu na maiti. Hicho ndicho kilichonisaidia siku ile. Si hoja zangu.

Tangu Jumatatu nikaanza kwenda ofisi ya ardhi. Nilikwenda kila siku baada ya shule, na madaftari ya wanafunzi mkobani. Niliketi kwenye benchi, nikayasahihisha pale pale, nikimaliza naanza kuandaa somo la kesho. Karani aliniambia faili halionekani. Nikasema nitangoja lionekane. Siku nyingine akasema mpimaji amesafiri. Nikasema nitangoja arudi. Siku moja aliniuliza, akiwa amechoka nami: "Huyu muntu ni nani hata unasumbuka hivi? Ni kaburi moja tu. Lete hata barua ya kuonyesha ni kaburi ya ukoo, ya kujulikana."

Nilikaa na swali hilo siku mbili kabla ya kupiga simu. Kumwomba chefu lilikuwa jambo gumu kwangu kuliko kukaa mtaroni. Hatukuwa tumezungumza tangu nimpigie kumwambia kwamba karatasi yake haikusainiwa na Baba amezikwa Kasungami. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nitaandika ile ninaweza kuandika, yaya," alisema. "Haitapita pale."

Barua ilikuja na lori la samaki. Niliifungua nikiwa nimesimama kati ya magunia. Ilikuwa na muhuri wake. Ilisema kwamba aliyezikwa Kasungami ni wa ukoo wa machefu wa nchi yake, na mjukuu wa chefu aliyetawala kabla ya babu yake yeye, ambaye jina lake akaliandika kamili, na kwamba kaburi lake liheshimiwe kama yanavyoheshimiwa mengine ya ukoo huo.

Aliyetawala kabla. Nilisoma maneno hayo na wachuuzi wakanisukuma wapite. Baba aliandika barua maisha yake yote apate mstari huo mmoja, na haukuja mpaka mtu alipotaka kujenga juu ya miguu yake. Sikujua nifurahi au nilaani. Nilifanya yote mawili, hapo hapo, kwa sauti, na mama mmoja wa samaki akaniuliza kama nimefiwa.

Nilipompelekea baba mdogo barua, aliisoma akaanza kulia, kisha akainuka, akataka tuanze kesi upya, ushahidi tumepata, muhuri huu hapa. Nilimwachia nakala.

"Kesi iko ya kwako, Papa mudogo," nilimwambia. "Miye niko na kaburi."

Karani, kwa upande wake, aliitia barua katika faili bila kuisoma. Kilichomaliza jambo ni kwamba alichoka kuniona. Wiki ya sita mpimaji alikuja Kasungami na kamba yake na ramani iliyochakaa, akapima kutoka barabara, akapima tena, akasema jiwe limetembea hatua kumi na moja. Mwenye kiwanja alisema hajui, aliyemuuzia ndiye aliyemwonyesha hivyo. Labda ni kweli. Alitazama kaburi, akatazama matofali yake, akapiga ulimi. Mke wake, ambaye sikuwa nimewahi kumwona, aliniletea maji ya kunywa katika kikombe cha bati na akasimama nami nilipokuwa nakunywa.

Mpimaji alichomeka kijiti mahali pa haki. Nilikuwa nimebeba mfuko mdogo wa saruji kwa baiskeli tangu asubuhi, maana nilikuwa nimeamua kwamba siku hiyo haitaisha bila jiwe kurudi. Nilikoroga mwenyewe, kwa mchanga wa mtaro ule ule na maji ya yule mama. Mafundi wawili walilisukuma jiwe kutoka lilikokuwa, nikalikandamiza kwa mguu mpaka likanyooka. Kisha nikaufukia mtaro, upande wa kaburi kwanza. Nilipomaliza jua lilikuwa bado juu, na palikuwa na mistari minne ya mahindi ambayo sikuwa nimeipalilia.